Firka na Firqa

Mimi Ghaniya, umri wangu hamsini na saba, na meno yangu ya mbele ni ya bandia. Nayataja meno mapema kwa sababu yaliniangusha siku niliyoyahitaji.

Nilikuja Nizwa, huku kwa Waarabu, kutoka Unguja nikiwa na miaka minane. Nilipotimiza kumi na minne walimu wakanitia katika beni ya shule, wasichana watupu, ngoma na tarumbeta. Wallahi sijapata raha kama ile tena, hata harusini kwangu. Viatu tulivipaka chaki mpaka vikawa vinatoa vumbi tukikanyaga. Sherehe za taifa za Novemba tukapita mbele ya ngome, mimi mstari wa mbele, shingo juu. Marehemu bibi yangu kasimama kando na buibui lake, anapiga vigelegele na kupiga kelele, "Mjukuu wangu anapiga beni!" Wanawake wa Kinizwa wanamkodolea macho, yeye hana habari nao. Nyumbani kwetu likabaki hilo hilo, beni, wala hatukulitafutia jina jingine.

Nilipomzaa Tamim sikuwa namwita kwa jina chakula kikiwa tayari. Nilikunja ngumi, nikaiweka mdomoni kama tarumbeta, nikampigia ule wito wa beni wa kukusanyika: ta-ta-tii, ta-ta-taa. Popote alipo mtaani, mbio. Majirani walicheka mpaka wakachoka.

Sasa Tamim ni mtu mzima, ana duka la kushona viti vya magari kule Firq, kwenye magereji. Firq, kwa Kiarabu, inaishia na herufi qaf. Lakini sisi tuliotoka Unguja hatuwezi kuliacha neno likining'inia hewani, lazima tulitie irabu tulifunge. Kwetu ni Firka. "Tamim yuko Firka." Ndivyo tulivyosema miaka yote, na hakuna aliyepotea.

Alasiri ile ya Aprili mbingu iliziba. Mvua ilianza milimani, kisha ikatushukia sisi. Tamim alifunga duka mapema akarudi nyumbani. Mjukuu wangu Wiam, binti wa Tamim, miaka kumi na mitatu, hakurudi. Siku nyingine hutoka shule akaenda dukani kwa baba yake, lakini leo duka limefungwa. Nikawa naangalia saa, naangalia dirisha, naangalia simu. Simu ikalia, ujumbe wa sauti, na kelele za mvua nyuma yake.

"Bibi, mimi niko firqa, mvua mkubwa, nitachelewa, usiogope."

Kiswahili chake ndicho hicho, mvua mkubwa. Siku nyingine ningemsahihisha. Siku ile nilisikia Firka. Firka, penye wadi! Mto mkavu ule, mwaka mzima mbuzi wanapita, na mvua ikinyesha milimani unashuka na magari ya watu. Na mtoto yuko peke yake mbele ya duka lililofungwa.

"Tamim! Mtoto yuko Firka!"

Hakuuliza. Alichukua funguo, akatoka bila hata kuvaa kandambili. Namjua mwanangu, kwa mtoto wake haoni maji wala moto. Nikampigia Wiam, haipatikani.

Haikupita robo saa, basi la shule likasimama mlangoni. Akashuka Wiam, karoa chapachapa, kakumbatia tarumbeta ndani ya mfuko wa plastiki.

"Shikamoo, Bibi."

"Shikamoo ya nini! Ulikuwa wapi wewe?"

"Nilikwambia, firqa. Firqat al-musiqa, ya kupiga muziki shule. Nimeingia wiki mbili, nilitaka kukushangaza. Ile yako, Bibi. Hiyo... mnaitaje?"

"Beni," nikasema. "Beni, mwanangu. Inaitwa beni."

Nimemtuma mwanangu kwenye maji akamtafute mtoto asiyekuwepo. Mimi, kwa masikio yangu haya. Nikampigia Tamim mara sita, simu haiingii. Mtandao umekufa. Ya Rabbi, nilisema, usinichukulie mwanangu kwa herufi moja.

Jirani yetu Khalaf alitupakia garini, mimi na Wiam. Mzee Khalaf anaendesha kama anabeba mayai, na njia nzima nilimtukana kimoyomoyo, Mungu anisamehe. Tulipofika kwenye mteremko, magari yalikuwa yamepanga foleni, hakuna kupita. Nikashuka, mvua ikanipiga usoni, nikatazama chini.

Wadi lilikuwa limejaa, maji ya rangi ya tope, yanangurumisha mawe. Na ukingoni nikaliona shati la Tamim. Kafunga kamba kiunoni, upande mmoja kaufunga kwenye gari lake, suruali kaikunja, anaangalia ng'ambo, kule kwenye maduka. Wanaume wawili wanamvuta mkono, anawasukuma.

"Tamim!" nilipiga ukelele. Sauti yangu mwenyewe sikuisikia. Khalaf akaanza kuteremka, miguu yake mibovu kuliko yangu, akateleza, akakaa chini kwenye tope. Tamim akatia mguu majini.

Nikamnyang'anya Wiam tarumbeta. Miaka arubaini na zaidi sijaishika, nikaitia mdomoni, nikapuliza kwa pumzi yote aliyonipa Mungu. Ikatoka fff. Upepo mtupu. Meno yakacheza, midomo haikushika. Nikapuliza tena, fff. Tamim maji yamempata magotini. Niliogopa, sijapata kuogopa hivyo, nikaona giza.

"Nipe, Bibi!"

"Wewe unajua nini? Wiki mbili!"

"Ule wako wa chakula najua. Ndio wa kwanza nilijifunza."

Akapuliza. Ta-ta-tii, ta-ta-taa. Noti ya mwisho ikapasuka, kama ilivyokuwa ikinipasukia mimi. Akarudia. Ta-ta-tii, ta-ta-taa.

Hapo Tamim akageuka. Katikati ya ngurumo ile yote akageuka, akatazama juu, akamwona bintiye anaruka ruka na tarumbeta mkononi. Wale wanaume wawili wakaivuta kamba.

Alipanda mteremko polepole, na alipotufikia alimshika Wiam kichwa kwa mikono miwili, akamgeuza huku na huku. Kisha akanitazama mimi.

"Mama," akasema, "umeniitia chakula?"

Nilikaa pale pale kwenye tope karibu na Khalaf, nikalia, kwa sababu siku hiyo nilikuwa hata sijapika.