Nyundo Aliyebeba Nyigu

Kabla hajashika jembe, Nyundo alikuwa anavunja watu. Hilo ni neno lake mwenyewe. Kwanza aliwavunja ulingoni, kwa glavu na refa, na kwenye kona yake alikaa kaka yake mkubwa, mwanaume mkavu asiyecheka ovyo, ambaye ndiye alimfunga bandeji mikononi kabla ya pambano na kumfungua likiisha. Kaka mtu wala hakuwa na haja ya kutazama pambano lenyewe. Akishafungua bandeji anaangalia vifundo vya vidole, basi anajua ngumi ipi ilipiga mfupa na ipi ilipiga nyama. Atasema, "Leo umepiga vichwa sana, kesho hutashika kijiko." Na kweli, kesho yake Nyundo analishwa uji kama mtoto.

Halafu jicho la kushoto likazimika, kwa ngumi ambayo hakuiona ikitoka wala ikifika. Ulingo ukamfungia mlango. Akaenda kuwa baunsa kwenye baa moja karibu na maegesho ya malori, na huko refa hayupo. Alikuwa anapiga watu kama mtu anayekung'uta mkeka. Siku moja fundi wa kuziba pancha, kijimtu chembamba chenye mdomo mchafu, akamwita chongo mbele ya wahudumu. Nyundo alimpiga ngumi moja tu. Taya likahama upande, jino likaruka likatumbukia kwenye glasi ya dereva mmoja, na dereva hakumaliza kinywaji chake. Tangu siku hiyo fundi yule akaitwa Taya, na maneno yake yakawa yanatoka pembeni ya mdomo kama maji kwenye bomba lililopasuka.

Kaka ndiye aliyekwenda kumtoa mdogo wake polisi. Hakumpeleka nyumbani. Alimpitisha moja kwa moja mpaka kwenye shamba alilowaachia marehemu mama yao, kipande cha ardhi nyuma ya ukuta wa gereji, kando ya mfereji, chenye kibanda cha mabati cha kuwekea zana na choo cha zamani kisicho na mlango. Akampa jembe. Akamwambia atalima kabichi, maana kabichi haina mdomo wa kumwita mtu chongo. Sharti lilikuwa moja.

"Siku nikisikia umepiga mtu, hata kibao, mwenye matofali anachukua hapa."

Mwenye matofali alikuwa jirani upande wa pili wa mfereji, na alilimezea mate shamba lile siku nyingi, apate pa kuanikia matofali yake. Nyundo hakubisha. Alijua shamba likienda kimebaki kitu kimoja tu, kurudi baa. Na kilichomtisha huko hakikuwa baa yenyewe. Ni kwamba ile ngumi aliyompiga Taya ilikuwa tamu. Aliionja mkononi wiki nzima.

Basi akalima. Msimu wa kwanza kabichi zilifunga vizuri, nzito, unabeba moja kwa mikono miwili. Nyundo akajiona mkulima. Hakujiuliza nani mwingine alikuwa kazini pale.

Chini ya paa la kibanda kulikuwa na nyigu, wale wembamba wa kiuno, wekundu kama kutu, wenye miguu mirefu inayoning'inia wakiruka. Viota vyao vilikuwa vinaning'inia kama maua ya alizeti yaliyokauka, kichwa chini. Nyundo alikuwa anainama anapita, wao wana yao na yeye ana yake. Mpaka asubuhi moja aliyoingia kwa haraka kutafuta mpini, bega likagusa kiota, na nyigu mmoja akamchoma kwenye kope la jicho bovu.

Sasa, mtu mwingine angepiga kelele akapaka mate, yakaisha. Lakini yule amepigwa upande asioona. Ilikuwa ile ile ngumi iliyomfukuza ulingoni, imerudi tena, safari hii na mabawa. Nyundo alifunga matambara kwenye fito, akayachovya kwenye dizeli, akawasha.

Aliwachoma bila huruma. Nyigu walidondoka mabawa yameshika moto, wakawa wanatambaa kwenye vumbi kumfuata miguuni, bado wanataka kumchoma, na yeye anawasaga kwa kisigino mmoja mmoja. Mabuu yao meupe yalipasuka ndani ya vyumba vyao kama mahindi kwenye sufuria. Nyundo hakuishia hapo. Alizunguka ukuta wa gereji, akapita chini ya tangi la maji, kila kiota alichokiona akakilisha moto. Kibanda kikabaki cheusi. Yeye kavimba uso, mikono, mpaka sikio, na anacheka peke yake. Usiku ule alilala usingizi wa mshindi.

Wahenga walisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Nyundo wakunga wake hakuwatukana. Aliwachoma moto.

Msimu uliofuata viwavi walikuja. Si kwamba zamani hawakuwepo, ila sasa walikuja kama watu walioambiwa mlango uko wazi. Wadogo, wa kijani, wamejilaza chini ya jani wanatafuna. Ukisimama kimya unawasikia. Majani yakawa chekecheke. Nyundo akapiga dawa, viwavi wakaioga. Akaongeza dawa kali zaidi, akatapika yeye. Akaanza kuwaua kwa mkono, anawaponda kwa vidole mpaka kucha zikawa za kijani, na bado kila asubuhi wamerudi. Wengine aliwakuta wamebeba vitu vyeupe kama punje za mchele mgongoni. Akasema hawa ndio mama zao, wametaga. Hao aliwaponda kwa hasira zaidi.

Kaka alikuja, akaingiza kidole kwenye tundu la jani, kikatokea upande wa pili. Kesho yake alionekana kwenye mfereji anaongea na mwenye matofali, wote wawili mikono nyuma. Jioni akamwambia mdogo wake kwamba mwezi huu kabichi zisipofunga vichwa, yeye hana nguvu tena ya kungoja, na mwenye matofali hana subira.

Nyundo akawa anazunguka shambani kama simba kwenye tundu. Ndipo alipoona mstari mmoja, ule wa mwisho kabisa karibu na choo cha zamani, kabichi zake hazijaguswa. Mbegu ile ile, maji yale yale. Akachungulia chooni. Juu darini kilikuwepo kiota kimoja. Siku ya moto hakuingia humo kwa sababu ya harufu.

Akachukua kreti la soda, akaligeuza, akakaa kutazama.

Nyigu alikuja chinichini, anapita jani baada ya jani kama askari anayekagua vitambulisho. Kiwavi mmoja akainua kichwa. Kosa. Nyigu alimshika nyuma ya shingo, kiwavi akajipinda, akajinyonga, akamtemea maji ya kijani usoni, na nyigu hakurudi nyuma hata kidogo. Alimtafuna shingo. Akampasua ubavu, akavuta utumbo akautupa chini, iliyobaki akaitafuna akiifinyanga kwa miguu ya mbele mpaka ikawa tonge. Akaruka nalo chooni kulisha watoto. Hata damu ya kijani haijakauka, akaja mwingine.

Nyundo alikaa pale mpaka makalio yakafa ganzi. Hajawahi kuona pambano safi namna ile. Hakuna kengele, hakuna mashabiki, hakuna kujionyesha. Akaona na vingine vidogo, nyigu wadogo kama sisimizi, wanamdandia kiwavi mgongoni, wanamchoma, wanaondoka. Alimfungia mmoja wa wale viwavi wa punje za mchele kwenye chupa aone. Zile punje zikapasuka, wakatoka nyigu wadogo wale wale, na kiwavi amebaki ngozi tupu. Walikuwa wamemla yu hai, kutoka ndani. Nyundo akakumbuka wote aliowaponda, akashika kichwa.

Alikuwa amemkuta baunsa kazini, mlangoni kwake mwenyewe, akamchoma moto. Halafu anashangaa wahuni wamejaa ndani.

Kiota kimoja hakitoshi shamba zima. Na Nyundo alijua mahali pamoja tu penye viota vingi: kwenye kibaraza cha baa. Mwenye baa, mama mmoja mwenye sauti ya kukwaruza, alikuwa ameshatangaza kwamba atavichoma, wateja wanalalamika. Nyundo alimtumia salamu asivichome, atakuja kuvichukua mwenyewe. Mama akajibu kwamba baunsa amerukwa na akili, ila aje.

Alikwenda alfajiri, kukiwa bado kuna baridi, maana nyigu wakiwa na baridi wanazubaa. Alibeba sanduku la mbao la sabuni na kipande cha chandarua cha kulifunikia. Na kwa kujilinda akavaa glavu zake za ngumi. Ni yeye peke yake duniani angefikiria hivyo. Glavu zile hazishiki kitu, zinapiga tu. Kiota cha kwanza alikisaga kama andazi, na waliokuwemo wakamwingia kwenye viwiko. Akavua glavu akazitupa. Kile cha pili akakishika kikonyo kwa vidole viwili vitupu, polepole, anapumua kwa pua, akakichomoa. Mikono ile ilikuwa haijawahi kushika kitu bila kukibana. Akapata cha tatu, cha nne, sanduku likajaa mtetemo mdogo kama redio iliyopoteza stesheni.

Ndipo Taya alipotoka ndani, amekesha, bado amelewa. Akamwona Nyundo amesimama ngazini amekumbatia sanduku.

"Chongo," alisema kwa pembeni ya mdomo. "Umerudi kunimalizia la upande wa pili?"

Nyundo akamwomba apishe njia. Taya hakupisha. Kofi la kwanza lilikuja upande wa jicho bovu, na Nyundo hakuliona. La pili aliliona, hakuwa na mkono wa kulizuia. Taya alipoona hajibiwi akapata wazimu. Alichukua chupa akampasulia kwenye nyusi. Damu ikamshukia Nyundo kwenye jicho zima, akawa haoni upande wowote. Taya akampiga teke la goti, la tumbo, la mbavu. Nyundo alikunja mgongo juu ya sanduku kama alivyofundishwa kulinda mbavu zake, ila safari hii mbavu ndizo zinazolinda. Nyigu nao wakaamka. Wakawa wanamchoma kifuani na mikononi kupitia chandarua, kwa hiyo anapigwa nje na kuchomwa ndani. Mkono wa kulia ulijikunja wenyewe kuwa ngumi. Aliuhisi unajikunja. Ule utamu wa zamani ukamjaa mdomoni.

Ngumi ile angeitoa, sanduku lingeanguka.

"Nipige!" Taya alifoka. "Nipige wewe, nimengoja siku zote."

"Nina mzigo," Nyundo alisema.

Taya akampiga tena, mara hii bila nguvu, akateleza, akakaa kwenye ngazi anahema. Akamwambia mwenye baa, aliyekuwa amesimama mlangoni na fagio, kwamba huyu mtu siku hizi hata wa kuwapiga anabagua. Nyundo akampita, damu inadondoka kwenye vumbi.

Shambani alimkuta kaka ameshafika. Kaka aliona uso ule, nyusi imefunguka kama mdomo, na hakuuliza. Aligeuka kuelekea mfereji, kwa mwenye matofali.

"Basi," alisema. "Nilikuambia."

"Kaka. Tazama mikono."

Kaka akasimama. Nyundo aliweka sanduku chini, akainyoosha mikono mbele, kama ilivyokuwa kwenye chumba cha kubadilishia nguo baada ya kila pambano. Kaka akaishika. Akaigeuza huku, akaigeuza kule. Akapapasa vifundo kimoja kimoja kwa kidole gumba, bila haraka. Mikono ilikuwa imevimba kama mkate, ina matundu ya nyigu kila mahali, lakini ngozi ya vifundo ilikuwa nzima. Hakuna mchubuko.

"Hata moja?" kaka aliuliza.

"Hata moja."

Kaka aliendelea kuishika kwa muda. Halafu akachana shati lake mwenyewe, akamfunga nyusi, kazi aliyoijua kuliko kulima.

Viota walivitundika wawili, kwa waya, chini ya paa la kibanda na kwenye ukuta wa gereji. Kimoja kilihamwa, vingine vilishika. Mistari ya karibu na kibanda ilifunga vichwa. Ile ya kando ya mfereji ilikuwa imeshakufa, na kaka, ambaye neno lake halirudi nyuma, kipande hicho akampa mwenye matofali aanike. Nyundo hakulalamika. Aliomba tu matofali yasirundikwe karibu na choo.

Siku hizi makreti ni mawili. Jioni utawakuta wamekaa, jicho zima la Nyundo kwenye kabichi, na pembeni yake kaka, yule yule asiyecheka ovyo, ameinama mbele viwiko magotini kama yuko kwenye kona. Nyigu akimshika kiwavi, kaka ananong'ona.

"Ubavu. Mpe wa ubavu. Usimwachie apumue."