Yoga Iliyonitandikia Mikeka ya Msiba

Miaka ile ya foleni, mie nilikuwa muuzaji wa duka la ushirika pale Keko. Kutwa nzima jibu langu lilikuwa moja: sukari imekwisha. Jioni nilirudi nyumbani hoi, na usingizi hauji.

"Fanya yoga, bwana," akaniambia Gulamu, fundi cherehani wa jirani na duka. "Lala chali, fumba macho, vuta pumzi polepole. Mtu akikuita, usiitike."

Jumapili mke wangu alipokwenda sokoni, nikalala chali kitandani, nikajifunika shuka jeupe mpaka usoni kwa sababu ya nzi. Jirani yetu Mama Zuhura akaja kuazima kinu. Akapiga hodi, akaniita mara tatu, akachungulia. Sikuitika, nilikuwa navuta pumzi. Kwa uchovu niliokuwa nao, usingizi ukanipitia.

Nilizinduliwa na vilio. Chumba kimejaa watu, uani mikeka inatandikwa. Nilitaka kuinuka, ila balozi wetu wa nyumba kumi alikuwa anasema kwa huzuni, "Alikuwa mtu mwaminifu sana huyu." Nikaona aibu kumkatiza.

"Ngoja nitafute sufuria ya chai," akasema Mama Zuhura, akainama uvunguni mwa kitanda.

Nikasikia kitu kizito kinaburutwa sakafuni. Vilio vikakatika.

"Sukari," akasema balozi. "Gunia zima."

Nikavuta pumzi polepole, kama nilivyofundishwa. Mama Zuhura akafunua shuka, akanitazama.

"Balozi," akasema, "marehemu anatokwa na jasho."