A Ilivyohama Kidole

Kidole changu kidogo cha mkono wa kushoto kilianza kunigomea wakati ambao kazi zilikuwa zimenijaa kuliko siku zote. Nina duka la steshenari Mbeya mjini, karibu na mahakama, na kazi yangu ni kuwataipia watu: hati za viapo, mikataba ya kupangisha vyumba, ratiba za sendofu za mabibi harusi, wasifu wa marehemu unaotakiwa kabla jeneza halijatoka nyumbani. Maumivu yalianzia kidoleni, yakahamia kiganjani, yakapanda mpaka kwenye kiwiko, na asubuhi za baridi nilikuwa nashindwa hata kufungua chupa ya chai. Daktari aliubinyabinya mkono, akauliza nafanya kazi gani, akaniambia nikiendelea hivyo hivyo nianze kutafuta kazi nyingine.

Kazi nyingine sikuwa nayo wala sikuitaka. Kutaipu ndicho kitu ninachokijua, na nilikipata kwa mama. Yeye alikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya serikali huko Iringa, na alinifundisha nikiwa bado shuleni, kwenye taipureta kuukuu, kwa kunifunga aproni ya kitenge shingoni na kuitandaza juu ya mikono yangu nisizione herufi. Alisimama nyuma yangu akisoma imla. Nikikosea hakunigombeza, alirudi tu mstari wa kwanza na kuanza upya, jambo ambalo lilikuwa baya kuliko kugombezwa. Kila herufi ilikuwa na kidole chake, na kwa mama hilo halikuwa na mjadala. Ndiyo maana niliposoma mtandaoni kwamba wapo watu waliozipanga upya herufi za kibodi ili mikono isiumie, swali langu la kwanza lilikuwa mama atasema nini. Nikaamua asijue.

Nilipakua mpangilio mmoja uliosifiwa sana na watu wa nje. Nikakaa nao wiki kadhaa, nikitaipu kama kuku anayedonoa mtama, na kweli vidole vingine vyote vikapata nafuu. Kidole kidogo kikaendelea kuuma vilevile. Nilianza kufikiri kina kisirani. Halafu asubuhi moja nikiwa naandika hati ya kiapo, nikautazama mkono wangu ukifanya kazi, nikaona ujinga wangu wote. Wale watu walipanga herufi kwa ajili ya Kiingereza. A walikuwa wameiacha palepale ilipokuwa, chini ya kidole kidogo cha kushoto, na kwao labda si tatizo kubwa. Sasa wewe mwambie mtu wa Mbeya aandike "wananchi wanatakiwa kuhama mara moja" halafu uone ni kidole gani kinabeba mizigo ya nyumba nzima. Nilicheka peke yangu mpaka mteja aliyekuwa akisubiri fotokopi akasogea mlangoni.

Siku hiyohiyo nikaufuta mpangilio wa watu. Kuna programu ya bure inayokuruhusu kuchora kibodi yako mwenyewe, na niliifanya kazi ile kwa furaha ya mtu anayepanga viti vya harusi, huyu akae mbele, huyu apelekwe nyuma karibu na jenereta. A nikaipeleka mahali pa F, chini ya kidole cha shahada, kidole chenye nguvu zake. F, ambayo Kiswahili hakiitumii mara kwa mara, nikaipa kidole kidogo wapumzike pamoja. I nikaishusha mstari wa katikati. Q na X nikazifukuzia pembeni kabisa, wala hakuna aliyeziulizia mpaka leo.

Siku za mwanzo zilikuwa vituko vitupu. Kichwa kilijua A imehama, vidole havikuwa na habari. Nilitoa kadi za mwaliko wa "hfrusi". Bwana mmoja wa ofisi ya kata alinirudishia tangazo lake akauliza kwa upole kabisa "wfnfnchi" ni kabila gani. Jirani yangu, mfanyabiashara wa vitambaa ambaye wazee wake walitoka pwani, alikuja kujitaipia oda yake mwenyewe kama alivyozoea. Herufi zilizochorwa juu ya vitufe zilikuwa zilezile za zamani, nilichobadilisha kilikuwa ndani. Akabonyeza A ikatoka F. Akabonyeza tena, polepole, ikatoka F. Akainua mikono yote miwili, akasoma bismillahi, akaniambia, "Dada, mashine yako hii ina wenyewe." Tangu hapo hakuigusa, ila kila akipita mlangoni anaisalimia.

Kisha siku moja vidole vikakubali. Sijui niielezeje furaha ile. Nilimaliza mkataba mzima wa shamba, nikatazama chini, mkono umetulia kama haukufanya kitu. Nikafungua ukurasa mpya nikaanza kuandika chochote kilichonijia, karanga, mahamri, takataka, halafu vituo vya barabara ya Iringa, Chimala, Igawa, Makambako. Makambako! Nililiandika jina hilo mpaka ukurasa ukajaa, kwa raha tu, na wateja walikuwepo na sikujali. Nilikuwa nimelewa bila kunywa.

Mwisho wa mwezi nikaenda Iringa kumwona mama, nikiwa na laptopu na mfuko wa mchele wa Madibira anaoupenda. Hajaacha kuwa na shughuli. Ni katibu wa akina mama usharikani, na taarifa zao hunisubiri mimi nizitaipu. Hofu yangu ilikuwa moja, kwamba aione mikono yangu ikivunja kila alichonifundisha. Nikangoja aingie jikoni kuangalia maharage, nikaanza. Sikufika mbali, mwiko ukanyamaza.

"Hiyo A umeipeleka wapi?" mama akauliza kutoka jikoni.

Nikajifanya sijasikia, lakini alikuwa ameshafika mlangoni. Alisema A yangu tangu utotoni ilikuwa inalia kinyonge, ikichelewa kidogo nyuma ya wenzake, na leo inalia sawa na herufi nyingine zote. Basi nikamwambia yote, maumivu, daktari, kibodi niliyoichora. Nilisema nikitazama meza.

Mama alivuta kiti, akachukua karatasi za taarifa, akaanza kunisomea imla. Alianza kwa mwendo wa kawaida, halafu akaongeza, na mimi ninamjua, alikuwa anatafuta mahali nitakapojikwaa. Hakupapata. Akaziweka karatasi chini akaanza kutunga mwenyewe, akina mama walipanda maharage na karanga, wakapalilia, wakavuna, wakaanika, wakapakia magari, wakasafiri usiku na mchana, kila neno lililojaa A aliloweza kulikumbuka, na mimi nikimfuata neno kwa neno. Akaanza kucheka katikati ya maneno. Na mimi nikacheka, vidole vikiendelea. Harufu ya maharage yanayoungua ikatufikia na hakuna aliyeinuka.

Alipoishiwa pumzi aliuliza, "Na hakiumi?"

Nikasema hakiumi.

Mama aliunyoosha mkono wake wa kushoto mezani. Sisi watoto tuliambiwa aliacha kazi mapema kwa sababu alitaka kulima. Kumbe alikuwa akikifunga kidole kidogo kwa kitambaa, akikificha chini ya meza mkuu wa ofisi akipita, na baba mwenyewe hakuwahi kujua. Alipoona kasi imepungua na amri za kuharakisha haziishi, akaaga kabla hajaagwa. Miaka yote hiyo aliamini ni yeye, kwamba wapiga chapa wengine walizaliwa na mikono mizima.

"Nikawa nasikia A yako inalegea vilevile," alisema. "Nikajua nimekurithisha mkono mbovu. Nikanyamaza."

Nilimwambia mkono ni mzima, mama, wa kwako na wa kwangu. A ndiyo ilikaa pabaya.

Akaniambia nisogee. Nikampisha kiti na kumwonyesha kidole cha shahada kinapokaa. Akabonyeza A moja, kwa nguvu za taipureta, akaisikiliza. Akabonyeza nyingine. Akaujaza mstari mzima huku machozi yakimtoka na kicheko hakijamwisha, halafu akakishika kidole chake kidogo kwa mkono wa kulia, akakiambia pole.