Nani Alifuta Ukurasa wa Mdogo Wangu

Nilibonyeza mara tatu nikidhani ni mtandao. Simu ikarudia yale yale: ukurasa haupatikani. Pale palikuwa na picha ya mdogo wangu na koleo lake. Chini yake ni maneno niliyoandika kwa kidole kimoja wiki mbili, mimi mtu wa darasa la sita: vile ukingo wa mto ulituangukia tukichota mchanga, vile tajiri wa malori alikuwa ameambiwa umepasuka akasema tupakie tu. Mimi nilifukuliwa hai, na mguu mmoja mzima. Mdogo wangu, hapana.

Tovuti ni ya mwethya wetu, kikundi cha kusaidiana kazi; huku Mwala tunajenga mabwawa ya mchanga, kuta za mawe za kuzuia mchanga na maji mtoni. Dada mmoja kutoka Machakos mjini ndiye alitutengenezea. Akatufundisha: hapa unaandika, hapa unaweka picha, hapa unachapisha. Akataka kila mtu aingie kwa jina lake na neno lake la siri, ndio mtambo uweke kumbukumbu ya nani amefanya nini.

Mwenyekiti akacheka. "Dada, stoo yetu iko na ufunguo mmoja tangu enzi za mama zetu. Huku tunafichana nini?"

Tulicheka wote. Mimi pia, na hiyo sijajisamehe. Tukawa tunaingia kwa jina moja, Mwethya, neno la siri limebandikwa nyuma ya mlango wa stoo.

Sasa nikafungua hiyo kumbukumbu. Imeandika: Mwethya amefuta, Jumanne, saa nne asubuhi. Hata pipa la taka la mtambo limemwagwa, kitu kisirudishwe.

Saa hiyo kikundi kizima kilikuwa mtoni kikibeba mawe. Mwenyekiti peke yake hakuweko. Na Jumapili iliyotangulia, tajiri wa malori alikuwa amekula kuku kwake. Anataka tena mchanga wa ule mto. Nikamuuliza Mwenyekiti mbele ya watu.

"Mtambo umesema ni Mwethya," akajibu. "Na wewe si ni mwethya pia, mzee wa mguu? Labda ulijifuta."

Kuna waliocheka. Nawajua.

Mwenyekiti, nakuuliza tena, kwa maandishi. Usinijibu kwa jina la kikundi. Jumanne saa nne ulikuwa wapi, na ni nani alikutuma? Mama yetu bado yuko hai. Njoo nyumbani, ukae kwa kiti, umjibu yeye.