Mlezi wa Wahitimu

Mlezi wetu hasalimu bila kuinamisha kichwa upande. Idara ya serikali hapa Canberra ilimpa kazi ya kutushika mkono sisi Waaborijini, wenyeji wa asili wa Australia, tuliotoka chuo kikuu, naye ametushika mpaka hatupati mkono wa kufanyia kazi. Ukiomba faili, anakuletea keki. Ukikohoa, anakupigapiga begani kwa sauti ya matangani: "Pole mpenzi, najua si rahisi." Hereni zake za nukta nukta, za kuiga michoro yetu, hutikisika kwa huruma.

Jana alitutembelea bosi mkubwa. Mlezi akamsukuma mbele Marlee, mchumi wetu. "Haya mpenzi, mkaribishe mgeni kwenye ardhi ya wazee wako, kama ilivyo desturi yenu."

"Ya wazee wangu iko Perth, mama. Hapa hata mimi mgeni. Nikikaribisha watu kwenye nyumba ya wenyewe, kwetu watanisema mpaka Krismasi. Si umwambie mwenyeji, mwenzetu wa ukoo wa hapa?"

"Mwenyeji yupi?"

Marlee akaelekeza kwa midomo meza ya nyuma, kwa mkuu wa fedha, ambaye kwa miaka amekaa mgongo kwa mgongo na Mlezi.

Mlezi akageuka. Hereni zikatulia.

"Yule? Haiwezekani! Mbona hajawahi kuhitaji msaada wangu?"