Barua Safi ya Kitanda Namba Nne

Kila asubuhi saa moja huwa napima joto la wagonjwa, kitanda kwa kitanda. Siku hiyo nilifika namba nne nikasimama.

Aliyelala pale nilimfungia mwenyewe mzigo wake, akaenda nyumbani, siku nne tu zilizopita.

Ni mzee mmoja, fundi saa, mwenye utani. Kila nikimpima huuliza, "Vipi mjukuu, bado nauzika?"

Siku hiyo hakuuliza. Midomo ilikuwa imepasuka kwa kiu.

Ngoja nirudi nyuma.

Chuo cha uuguzi nimemaliza, ila cheti cha kudumu sina. Kilichonikwamisha ni mtihani wa mawasiliano kazini. Unapewa maelezo ya mgonjwa wa kubuni, unamwandikia barua muuguzi atakayempokea. Karatasi yangu ilisema mama fulani amefiwa, hapati usingizi. Mimi na huruma zangu nikaongeza kwamba amekata tamaa ya kuishi.

Nikafeli.

"Mwanangu, mtihanini usijiongeze," metroni, mkuu wetu wa wauguzi, aliniambia. "Karatasi haikusema, nawe hujui. Umebakiza nafasi moja. Ukifeli Ijumaa, kazi hapa basi."

Nikaogopa. Nikaanza kujizoeza kwa barua za wagonjwa halisi wanaoruhusiwa kwenda nyumbani.

Faili la fundi lilisema anaishi na binti yake. Lakini wiki mbili nzima sikumwona binti. Nikamuuliza.

"Alihama mwaka jana," akasema, akiangalia ukuta. "Usiliandike hilo, mjukuu. Nitajimudu."

Kwenye barua yake nikaandika cha kwenye faili: anaishi na binti.

Muuguzi anayezungukia wagonjwa majumbani akasoma kuna binti, akamweka mzee mwisho wa orodha. Miguu ikamgoma. Alilala sakafuni siku nzima bila maji, mpaka jirani alipomsikia.

Metroni aliisoma barua yangu mara mbili.

"Safi. Mtihanini hii inapasi." Akashusha sauti. "Kosa ni la faili. Nyamaza, Ijumaa iko karibu."

Na kunyamaza ndiyo fani yangu. Chuoni waliniita Bi Kimya.

Lakini yule muuguzi wa majumbani alikuwa mlangoni, macho mekundu. "Nusura nimuue mzee wa watu kwa uzembe wangu."

"Si wewe, dada," nikasema. "Nilijua binti hayupo. Sikuandika."

Metroni akafunga faili taratibu. "Basi na hilo litaandikwa. Wanaotoa vyeti watalisoma."

Ijumaa nilipasi. Cheti bado kinajadiliwa.

Nilichojifunza ni hiki: mtihanini, karatasi ndiyo dunia yako yote. Wodini una macho na masikio, na ulichokiona nacho umepewa.

Ila kinachonikosesha raha si cheti. Ni jioni ya siku ile niliyomkuta tena namba nne, nikimnywesha mzee maji kwa kijiko.

"Nisamehe, babu. Ulisema nisiandike, nikakusikiliza."

Akameza. Akanishika kidole.

"Nilisema usiandike," akanong'ona, "nikitaka uniambie, 'Babu, naandika.'"