Fungate Yetu ya Karatu

Nilikuwa nimewaambia wasichana wote wa kijijini kwetu, kule milimani upande wa Mbulu, kwamba nikishaolewa nitakwenda kula fungate Arusha. Niliwasimulia habari za sinema, za taa za barabarani, na za aisikrimu, ambayo mimi mwenyewe sikuwahi kuiona. Wenzangu waliniuliza kama haiumizi meno. Niliwajibu kama mtu aliyekwisha kuila mara nyingi.

Ilikuwa miaka michache tu baada ya Uhuru. Mume wangu alikuwa bwana mifugo, kijana wa Kiiraqw kama mimi, na serikali ilikuwa imempangia kazi Nainokanoka, huko juu kwa Wamasai, ng'ambo ya kreta ya Ngorongoro. Likizo yake ilikuwa fupi. Tulipanga tufunge ndoa kanisani kwetu, tukatembee Arusha siku chache, halafu tupande Nainokanoka kuanza maisha.

Basi lilitufikisha Karatu, likazima. Mvua kubwa ilikuwa imenyesha na barabara ya kuteremkia Mto wa Mbu ilikuwa imekatika. Dereva alishuka, akajinyoosha mgongo, akatutangazia abiria: "Jamani, Arusha haiendeki. Labda wiki ijayo, Mungu akipenda."

Nilikaa juu ya sanduku langu kwenye baraza la duka, nimevaa gauni jipya na viatu vinavyonibana, nikaanza kulia. Mume wangu alisimama mbele yangu kashika kofia yake kwa mikono miwili.

"Basi, usilie," aliniambia kwa Kiiraqw ili wenye duka wasisikie. "Tutakula fungate hapa hapa."

"Hapa wapi?"

Alitazama kushoto, akatazama kulia. Karatu ya siku zile ilikuwa safu ya maduka ya bati huku na safu nyingine kule, punda wamefungwa mbele ya mashine ya kusaga, na katikati tope jekundu.

"Hapa mjini," akasema.

Alilisema neno lile kwa heshima kubwa mno, mpaka nikacheka huku machozi bado yananitiririka.

Tulipata chumba uani kwa mzee mmoja Mwislamu kutoka Kondoa, aliyekuwa na hoteli ndogo ya chakula. Ilikuwa na mabenchi marefu, meza zilizofunikwa mpira wa maua, na birika kubwa lisilotoka motoni. Mume wangu akaagiza chai ya maziwa na sambusa kwa ajili yetu sote wawili. Hapo ndipo nilipoona kwamba humo ndani mwanamke nilikuwa peke yangu. Madereva, wachuuzi wa ng'ombe, na vibarua wa mashamba ya ngano, wote walikuwa wanaume, na wote walikuwa wamegeuka kunitazama. Kwetu mwanamke hakuwa anatafuna mbele ya wanaume asiowajua. Sambusa ilikaa mbele yangu ikapoa. Niliona mafuta yake yanang'aa, njaa inaniuma, na mkono hauinuki.

Mume wangu alinong'ona, "Kula, mke wangu."

"Siwezi."

Mke wa mwenye hoteli, mama mnene wa Tabora, alikuwa akichungulia kwenye mlango wa jikoni. Akatoka, akaja mpaka mezani petu.

"Shikamoo mama," nikamwamkia.

"Marahaba mwanangu. Hawa wanakutolea macho kwa nini? Hawajaona mtu?" Akawageukia wanaume. "Tazameni vikombe vyenu! Huyu ni bi harusi, tena mgeni wangu." Kisha akanishika mkono, akanipeleka jikoni.

Huko jikoni nilikula. Nilikula sambusa ya moto inayotoka kwenye karai, nikala kitumbua, nikanywa chai yenye tangawizi iliyonifungua pua. Mama yule alikuwa akikanda unga wa chapati huku akinihoji: nani aliyenishonea gauni, mume wangu ana tabia gani, mama yangu alilia tulipoondoka? Alipojua kwamba hatukufanyiwa ngoma wala pilau, kwa sababu wachungaji wetu walikataza ngoma na pilau hatukuijua, aliacha unga.

"Harusi bila pilau!" alisema. "Hiyo bado haijaisha. Kesho tunaimaliza."

Siku iliyofuata ilikuwa ya mnada. Kumbe tope lile lote lilikuwa limesubiri watu. Asubuhi ng'ombe walianza kuingia kutoka kila upande, na Wamasai wengine walikuwa wametembea nao kutoka Malambo na Arash, wamejifunga shuka, wameegemea fimbo, hawaonyeshi kuchoka. Wairaqw wenzetu walileta mahindi, kunde na kuku. Palikuwa na wauza kanga, wauza sufuria, na mtu mmoja aliyeuza dawa ya kikohozi kwa kuimba. Mimi na mume wangu tulizunguka tumeshikana vidole vidogo, kwani kushikana mikono kabisa tuliona aibu.

Tatizo ni kwamba wafugaji walimjua mume wangu kwa kazi yake. Kila tulipopiga hatua chache mtu alimwita.

"Bwana Mifugo! Hebu mtazame huyu ndama, hanyonyi."

"Leo nina harusi, baba."

"Harusi ni jambo jema. Mtazame tu mdomo."

Basi akakunja mikono ya koti lake la harusi, akapiga magoti kwenye tope, akamfungua ndama mdomo. Nikabaki nimeshika kofia. Nilitaka kukasirika, lakini alivyokuwa anamsemesha yule ndama, kwa sauti ya chini kama anambembeleza mtoto, nikasahau. Nadhani nilimpenda siku ile. Kabla ya hapo nilikuwa nimemkubali tu.

Mwenye ndama alitushukuru kwa ubavu wa mbuzi uliochomwa kwenye kijiti. Tuliula tumesimama, chumvi tunachovya kwenye jani la mgomba, mafuta yanatutiririkia mpaka kwenye viwiko. Watu walipita, wanaume kwa wanawake, na mimi natafuna. Hapo tu nikagundua kwamba ninatafuna mbele ya mnada mzima.

Karibu na mashine ya kusaga mpiga picha kutoka Arusha alikuwa ametundika pazia. Naye barabara ilikuwa imemkwamisha, akaona heri afanye kazi. Juu ya pazia palichorwa majumba ya ghorofa, taa za barabarani, na motokaa nyeusi yenye gurudumu moja kubwa kuliko jingine.

"Simameni hapa," alituambia. "Bibi, weka mkono juu ya motokaa."

Niliuweka hewani, pale nilipodhani motokaa ilipo. Picha hiyo ninayo. Mume wangu ana tope magotini, mimi nina mafuta kidevuni, na nyuma yetu ni jiji. Shangazi zangu walipoiona walisema Arusha kweli ni kuzuri. Sikuwakatalia.

Jioni mama wa Tabora alitimiza neno lake. Alipika pilau kwenye sufuria ambayo ningeweza kuingia nikakaa, yenye harufu ya iliki na mdalasini, na kachumbari ya vitunguu iliyotutoa machozi. Mumewe alileta gramafoni. Majirani wakaja: fundi cherehani na mkewe, dereva wa basi letu, hata mpiga picha. Hakuna aliyetujua juzi yake. Wanawake walinivika kanga, wakanipaka hina viganjani, wakapiga vigelegele. Mwenye hoteli alitaka kuniwekea sahani jikoni.

"Nitakula hapa, baba," nilimwambia, nikakaa kwenye benchi la mbele.

Mkewe alicheka mpaka akashika mlango. "Mpeni nafasi! Mjini keshapazoea huyu!"

Likizo ilipokwisha tukaondoka bila kuiona Arusha; mama yule alinifungia vitumbua kwenye kitambaa na kuniambia nisimwachie mume wangu avile vyote. Tulipata nafasi kwenye lori la serikali lililokuwa linapeleka dawa za mifugo juu. Mimi nilikaa mbele na dereva, mume wangu nyuma juu ya masanduku. Tulipanda msituni, ukungu ukatufunika kiasi kwamba dereva alitoa kichwa dirishani kutafuta barabara. Ukingoni mwa kreta akasimama ili injini ipoe.

"Shukeni mtazame," alisema.

"Tutazame nini?" nikamuuliza, maana palikuwa peupe tu kama ndani ya mfuko wa unga.

"Subiri."

Tulisubiri, tunatetemeka. Nilikuwa nimeuona mlima huu kwa mbali tangu utotoni, nikijua ni mlima kama milima mingine. Kisha upepo ukaja, ukungu ukachanika, na chini yangu pakawa hakuna mlima. Palikuwa na nchi nzima, ina ziwa lake, msitu wake, jua lake peke yake, na vidoti vyeusi vinavyotembea, ambavyo dereva alisema ni nyati. Mume wangu akanishika mkono, mkono kabisa, mbele ya dereva.

Tulifika Nainokanoka jua likiwa bado juu. Nyumba yetu ilikuwa ya mabati, imesimama peke yake kwenye majani, na nyuma yake ng'ombe wengi kuliko watu. Kina mama wa Kimasai walikuja kunitazama kabla sijafungua mlango. Mmoja wao, bibi mwenye shanga mpaka mabegani, alinisogelea akasema kwa nguvu, "Takwenya!"

Sikuwa nikijua Kimaa, lugha yao, hata neno moja. Nikaona ni salamu, nikajibu kwa adabu zangu zote, "Marahaba!"

Mume wangu alijishika kichwa. "Umepokea shikamoo ya bibi! Sema 'Iko'!"

"Iko!" nikapiga kelele. "Iko, iko!"

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini kwenye majani. Yule bibi aliyafuta macho yake kwa ncha ya shuka, akaniita kwa mkono, kisha wakaingia wote na mimi ndani ya nyumba yangu kunionyesha pa kuwashia moto.